Wazazi wa vijana wa sekondari: tunaita uvivu kile ambacho ni damu, na malaria kile ambacho ni huzuni

Mleta uzi

Habari za jioni wanajamvi. Wenye watoto wa miaka 12 hadi 19, na nyinyi vijana mnaosoma kimyakimya bila kuchangia, uzi huu ni wenu. Ni mrefu, tuvumiliane.

Mimi ni muuguzi. Nahudumia chumba cha wagonjwa cha shule ya bweni huku Kanda ya Ziwa, shule ya mchanganyiko. Jina la shule liacheni, maana mambo haya ni yale yale kila nilikopita.

Nina neno moja tu la kuwaambia: tunapishanisha magonjwa ya vijana wetu. Mwili wake ukiishiwa tunasema ni tabia. Mvivu, anadeka, amekuwa jeuri siku hizi. Moyo wake ukizidiwa tunautafutia malaria, taifodi, UTI, vidonda vya tumbo, na vyote vikikosekana tunageukia mashetani. Mtoto anachapwa kwa kukosa damu, halafu mwenzake anameza dawa ya malaria kila mwezi kwa sababu baba na mama wameachana.

Nianze na damu, ndiyo inayonisumbua zaidi.

Binti wa kidato cha pili analala darasani. Mchakamchaka hawezi, akipanda ngazi anahema. Mwalimu anamwandika mtoro wa kazi. Akifika kwangu namvuta kope la chini, pale panapotakiwa kuwa pekundu nakuta peupe. Naangalia viganja, hivyo hivyo. Halafu namuuliza taratibu: "Mchele mbichi unakula?" Anashtuka, nimejuaje. Anatoa kwenye mfuko wa sketi karatasi imekunjwa, ndani kuna mchele. Wengine ni barafu, wengine udongo ule unaouzwa sokoni. Jamani, hamu hiyo mara nyingi ni mwili uliokosa madini chuma. Kumcheka au kumpiga hakumwongezei damu.

Kwa nini mabinti wa umri huu? Anarefuka na damu inatakiwa iongezeke, na papo hapo kila mwezi inatoka. Mahitaji yake ya madini chuma ni kama miligramu 15 kwa siku, kuliko kaka yake wa rika hilo. Chakula cha bweni ni ugali na maharage, na nyumbani wengi wetu tunashushia chakula kwa chai ya rangi. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini. Chungwa, embe au ndimu hufanya kinyume chake. Ongeza minyoo ya safura inayofyonza damu utumboni, ongeza malaria, na kwa sisi wa ziwani ongeza kichocho. Wavulana nao wamo humu: akiona damu kwenye mkojo anadhani ndiyo kukua, anakaa nayo miezi.

Kwa umri huu, binti mwenye wingi wa damu chini ya gramu 12 kwa desilita amepungukiwa. Chini ya 8 ni hali mbaya. Kipimo ni tone la kidoleni na zahanati nyingi zinacho.

Ukiuliza hedhi usiulize "inatoka nyingi?" maana hana cha kulinganisha nacho. Uliza: siku ngapi? Pedi inajaa baada ya muda gani? Usiku unaamka umelowesha shuka? Kuna mabonge? Ikizidi siku 7, au pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, huyo aende hospitali. Wapo waliozaliwa na tatizo la damu kutoganda vizuri, na hujulikana kwa mara ya kwanza pale wanapovunja ungo. Mzunguko kuyumba miaka miwili mitatu ya mwanzo si ugonjwa. Ila akifika miaka 15 hajaona kitu kabisa, mpeleke.

Na maumivu. Hapa naomba mama zangu na dada zangu mnisikie: "Ukizaa yataisha" si matibabu. Mtoto ana miaka 14! Wakati wa hedhi mfuko wa uzazi hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini, ndizo zinazoubana, ndizo zinazoleta kutapika, kuharisha na mgongo kukatika. Dawa za jamii ya ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, kwa hiyo husaidia zaidi zikianzwa mapema, maumivu yanapobisha hodi, si mtu akishagaagaa sakafuni. Ameze akiwa amekula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa mtaalamu. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia kweli. Anayekosa masomo kila mwezi licha ya dawa, au maumivu yanaongezeka kadiri anavyokua, anahitaji daktari wa magonjwa ya wanawake. Endometriosisi, yaani nyama zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake, huanza umri huu huu, na wengi huja kuambiwa wanayo wakiwa wanatafuta mtoto ukubwani.

Sasa wavulana. Wanasahaulika, na wao wenyewe wanajificha.

Kuna jambo moja kila baba alijue leo kabla hajalala. Kijana akiamka usiku na maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, pengine anatapika, ile korodani imepanda juu au imekaa kimshazari, huenda imejisokota na mshipa wa damu umebanwa. Ni dharura. Akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6, mara nyingi inaokolewa. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyokufa. Shida ni kwamba kijana wa miaka 15 hatamwambia mama yake "korodani inauma." Atasema tumbo. Na kwetu akisema chini ya tumbo, jibu lipo tayari: ngiri. Anachemshiwa mizizi, asubuhi ya pili ndipo anafika hospitali. Nimepokea vijana wa hivyo, na daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kuitoa. Waambieni wanenu mapema, kabla haijatokea: sehemu hizo zikiuma ghafla niamshe hata saa tisa usiku, sitakuuliza umefanya nini.

Naomba nimeze maji, narudi na upande wa moyo.

Msomaji wa Kahama

Mama nesi, hapo kwenye ngiri umenigusa. Mdogo wangu ilikuwa hivyo hivyo. Endelea, tupo.

Mkongwe wa jamvi

Mleta uzi umeeleza vizuri habari za damu, hongera. Ila nakuomba usituletee mambo ya sonona. Sisi tulisoma kwa kutembea maili, tulichapwa, tulilima shamba la shule, hatukuwa na sonona. Watoto wa siku hizi simu tu na kudekezwa.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, na nitakujibu kwa heshima hiyo hiyo.

Walikuwepo. Katika darasa lako alikuwepo aliyeacha kula akarudishwa nyumbani ikasemwa amerogwa. Alikuwepo aliyeacha shule ghafla na hakuna aliyejua sababu. Alikuwepo anayepandisha mashetani kila unapokaribia mtihani. Majina yalikuwa mengine.

Na tuna ushahidi wa zama zenu, humu humu nchini. Wenyeji wa Kagera mnaijua habari ya Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Cheko likageuka kilio, kilio kikarudi cheko, kwa wengine saa chache, kwa wengine siku nyingi. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudi makwao, hali ile ikafika kijiji cha Nshamba na kuwapata watu 217, wengi wao vijana. Madaktari walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Na hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Hilo la walimu ndilo lililonikaa kichwani miaka yote. Waliopatwa ni watoto waliokuwa chini ya amri kali, mbali na mama zao, katika nchi iliyokuwa inabadilika usiku na mchana. Simu janja haikuwepo, mzee wangu. Walichokuwa nacho ni hofu isiyo na pa kwenda, ikatokea mwilini.

Ninachokiona mimi shuleni ni ndugu yake. Kidato cha nne wakikaribia Novemba, au bweni likipata matroni mkali kupita kiasi, mabinti wanaanza kuanguka. Mmoja Jumatatu, watano Jumatano. Hawaigizi! Mtu hawezi kuamua kuanguka namna ile. Kinachozidisha ni umati: wenzake kumzunguka wanalia, maombi ya sauti kubwa, mwingine anammwagia maji. Mimi huwatoa watu kwanza, namweka pembeni mahali tulivu na muuguzi mmoja tu, namwambia apumue polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Halafu napima. Lazima upime, maana kifafa kipo, sukari kushuka ipo, malaria kali ipo, na upungufu wa damu nilioueleza juu upo. Vipimo vikiwa safi, kesho yake ninakaa naye peke yake.

Na hapo ndipo yanatoka. Baba kapoteza kazi, ada haijalipwa na ameitwa mbele ya wenzake. Mjomba anayemlea likizo anamshika asivyotaka. Ameambiwa akifeli ataolewa. Yapo niliyoyasikia yaliyonilazimu kupiga simu ustawi wa jamii siku ile ile.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 49, hao ni saba. Chukua orodha ya mahudhurio ya mwanao uihesabu.

Mwalimu wa zamu

Nathibitisha habari ya kuanguka, kwetu ilitokea mwaka juzi. Tuliita wachungaji na mashehe, ikazidi. Ila dada, sisi tuna wanafunzi wengi na ofisi moja. Huo muda wa kukaa na mmojammoja tunautoa wapi? Na tutamtambuaje mwenye sonona, maana wote wananuna!

Mleta uzi

Swali zuri mwalimu, na kununa kwa siku mbili kwa sababu ya rafiki si ugonjwa. Homoni zinapanda na kushuka, leo anacheka kesho analia, ndiyo umri.

Angalia mabadiliko yanayodumu wiki mbili na zaidi. Aliyependa mpira haendi tena. Aliyekuwa wa kumi amekuwa wa sitini. Chakula kimekuwa kidogo mno au kingi mno. Kwa watu wazima tunatafuta machozi, lakini kijana, hasa wa kiume, sonona yake mara nyingi huvaa hasira: anapigana, anajibu walimu, anaruka ukuta. Ukimpa viboko unampa sababu ya kuthibitisha kile anachokiamini, kwamba hana thamani. Mwingine huja kwangu kila Jumatatu, kichwa, tumbo, kifua, moyo kwenda mbio. Malaria hana. Amepewa dawa za vidonda vya tumbo mara kadhaa na hajawahi kupimwa. Angalieni pia mikono mirefu ya sweta wakati wa joto. Wapo wanaojikata kwa wembe, na wanaficha.

Kuhusu muda, huhitaji ofisi. Vijana wengi huongea vizuri mkiwa bega kwa bega mnafanya jambo jingine, mnatembea kwenda kantini, mnapanga vitabu, au mama anamenya viazi naye. Usimkalishe mbele ya meza kama polisi. Muulize peke yake, kisha nyamaza. Sisi Waafrika tukishauliza tunajijibu wenyewe na kuanza kuhubiri.

Na kama una wasiwasi, uliza wazi: "Umewahi kufikiria kufa au kujidhuru?" Watu wanaogopa kwamba swali hilo linampandikizia wazo. Halipandikizi. Wengi hulia kwa unafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vidonge, sumu ya panya na viuatilifu vya shambani, na umfikishe hospitali leo. Namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hapa Tanzania, haitozwi pesa, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Jambo jingine mwalimu, na hili naliomba kwenu mnaopanga ratiba. Kulala saa tano usiku, kengele saa kumi alfajiri. Hizo ni saa tano za usingizi. Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Tena ubongo wa rika hili huchelewa kutoa homoni ya usingizi, kwa hiyo hata akilala mapema anageukageuka tu. Tunawanyima usingizi miaka minne halafu tunashangaa hawakumbuki walichosoma, wanalia ovyo na wanaugua mafua yasiyoisha. Nimewahi kuomba kengele isogezwe hadi saa kumi na moja na nusu. Sikukubaliwa. Nitaomba tena.

Kijana wa kidato cha kwanza

Shikamoo mama. Samahani naomba kuuliza hapa maana nyumbani siwezi. Nina miaka 14 mwanaume. Chuchu yangu ya kushoto imevimba kwa ndani kuna kitu kigumu kinauma nikigusa. Wenzangu wananitania bafuni wananiita jina la kike. Siku hizi naoga usiku. Je ni kansa?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kuuliza, na hapa hakuna atakayekucheka.

Kwa umri wako karibu kila mara si kansa. Wavulana wengi, inaweza kufika nusu yao, huvimba chuchu wakati wa kubalehe kwa sababu homoni bado zinatafuta uwiano. Inaweza kuwa upande mmoja au yote mawili. Huisha yenyewe, kwa kawaida kati ya miezi sita na miaka miwili. Hao wanaokutania, baadhi yao wanayo na wamevaa fulana mbili. Usiikamue, usiipake kitu. Onana na daktari kama inazidi kukua haraka, inatoa majimaji au damu, au ukiona uvimbe kwenye korodani. Na uoge mchana kama wenzako. Wakiendelea na jina hilo, mwambie mwalimu wa malezi, kwa sababu huo ni uonevu na unaumiza kuliko hiyo chuchu.

Ndoto nyevu nazo, kwa kuwa najua ndilo swali linalofuata, si ugonjwa, hazimalizi nguvu na hazitokani na jini mahaba.

Mama wa mabinti wawili

Ahsante dada. Wangu mkubwa chunusi zimemmaliza, hataki hata kwenda kanisani. Ameanza kununua krimu za kuchanganya pale sokoni. Na pedi nazo bei haishikiki, mdogo anatumia vitambaa.

Mleta uzi

Krimu za kuchanganya mwambie aache leo. Nyingi zina dawa kali za steroidi. Wiki ya kwanza uso unang'aa, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana na chunusi zinarudi mara mbili. Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyokwaruza, asitumbue, na aulize duka la dawa lenye mfamasia kuhusu benzoili peroksaidi, aanze na ile ya asilimia ndogo. Inachukua wiki sita hadi nane kuonyesha kazi. Zikiwa kubwa na zinaacha makovu, kliniki ya ngozi. Na hilo la kutotaka kwenda kanisani lifuatilie kwa ukaribu kuliko chunusi zenyewe.

Vitambaa si dhambi mama, alimradi ni vya pamba, vinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Tatizo ni kwamba mabinti wanaona aibu, wanavianika chini ya godoro vikabaki na unyevu. Mpe kamba yake na ruhusa ya kuanika nje. Kuhusu bei, mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, mwaka 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba dukani bei haikushuka. Mimi naona jibu lilikuwa kuwasimamia wauzaji, si kuwarudishia mabinti mzigo. Wabunge wapitao humu waisome.

Baba wa kidato cha pili

Wakuu habari. Nilisoma uzi huu wiki iliyopita sikuchangia. Binti yangu tulikuwa tunamwita mzembe, na mchele mbichi anakula, mama yake alikuwa anamficha. Nimempeleka kituo cha afya, damu ni 7.4 na choo kimeonyesha safura. Wamempa dawa ya minyoo na vidonge vya madini chuma. Jirani anasema vidonge vinaharibu tumbo, tumpe juisi ya rozela na biti inatosha. Naomba ushauri mama.

Mleta uzi

Kaka, umefanya jambo kubwa. Damu 7.4 haitapandishwa na juisi. Rozela na biti si vibaya kama kinywaji, lakini madini chuma yaliyomo ni machache kwa pengo hilo. Mpe vidonge. Kama hakupimwa selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi), rudi waipime, ni muhimu kujua kabla ya kuendelea na dawa kwa muda mrefu. Na waulize hedhi yake ikoje, kwa maswali yale niliyoandika juu. Akianza kuhema akiwa amekaa tu, moyo kwenda mbio au kuzimia, usisubiri tarehe, mrudishe siku hiyo hiyo.

Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai isogee angalau saa moja mbele na nyuma. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Tumbo likimsumbua, ameze baada ya kula kidogo, na mkirudi kliniki muulizeni daktari kama anaweza kumeza siku moja na kuacha moja. Dagaa, maini na nyama mkipata. Avae viatu akienda chooni na shambani, safura huingia kwa nyayo. Kipimo kirudiwe baada ya wiki nne. Damu ikipanda kwa gramu moja au mbili mko njiani. Ikifika 12 msiache, endeleeni miezi mitatu ili akiba ijae. Isipopanda kabisa, usimbadilishie vidonge dukani, mrudishe kwa daktari atafute sababu.

Na shuleni, peleka cheti kwa mwalimu wa darasa wewe mwenyewe, usimtume yeye. Aandikwe asikimbie mchakamchaka hadi kipimo cha pili kitoke.